Shubiri Nne, Pima Moja

Ipo nchi moja inaitwa Shibeni. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani; ramani ya mwisho iliyoionyesha ilifungiwa karanga sokoni, na aliyezila karanga hizo hakumbuki chochote. Wala usiniulize iko upande gani wa nyumba yako. Mimi kazi yangu kusimulia tu, sina ugomvi na mtu.

Shibeni njaa imepigwa marufuku kwa sheria. Ni sheria nzuri sana, imechapwa kwa wino wa kijani. Mwananchi akionekana amekonda bila cheti cha daktari huitwa ofisini kujieleza, na mvua zikikosekana redio haisemi kuna njaa, inasema shibe imechelewa. Wananchi nao ni waelewa. Wanakaa, wanaisubiri.

Sasa mwaka mmoja, kwenye Sikukuu ya Mavuno, ambayo huadhimishwa mavuno yawepo yasiwepo, Mtukufu Rais alipewa hindi la kuchoma jukwaani. Akaling'ata, akaligeuza, akasema, "Kumbe hata hii ni sayansi." Hakuongeza neno, maana mdomo ulikuwa umejaa. Lakini wasaidizi wake hawakusoma bure. Kabla gunzi halijapoa, Wizara ya Elimu ilikuwa imeshaunganishwa na idara ya nafaka ikawa Wizara ya Elimu na Mahindi, na ikatoka amri kwamba kuanzia muhula ule sayansi yote nchini itafundishwa kwa mahindi.

Yote, nasema. Maabara zikafungwa, darubini zikawekwa stoo kwa kuwa haziwezi kuota. Moyo wa binadamu ukafundishwa kwa gunzi lililopasuliwa katikati. Kupatwa kwa jua kukaelezwa kwa punje ya njano, punje nyeupe, na ya tatu iliyotobolewa na dumuzi. Somo la umeme lilisumbua kidogo, ikabidi liondolewe kwenye mtaala, na hakuna aliyeshtuka kwa kuwa umeme wenyewe ulishaondoka kwenye nyaya siku nyingi.

Katika kijiji cha Kwamasaka alikuwepo mwalimu wa sayansi jina lake Sikudhani. Huyu Sikudhani alikuwa mwoga, tena si kidogo. Akiona gari lenye bendera, hata likiwa limeegeshwa na dereva amelala ndani, husimama wima mpaka limpite. Lakini Mungu hamnyimi mja wake vyote, naye alipewa ukaidi kwenye jambo moja tu, nalo ni kupima. Mtoto akisema bua hili refu, humuuliza, refu kuliko lipi, na umelipima kwa kitu gani? Watoto walimwita Mwalimu Umepima.

Yeye amri ile ya mahindi aliipenda, na hapa ndipo pana kichekesho chenyewe, kwa sababu wazo lile lilikuwa zuri. Wakubwa hawakukusudia, lakini bahati haina macho. Watoto waliokuwa wakiimba "usanisinuru, usanisinuru" bila kujua kama ni mdudu au ugonjwa, sasa walifunika jani moja la hindi kwa kitambaa na kuacha jingine juani, wakaona kwa macho yao lipi limepauka. Walichimba mizizi wakaifuata kama njia za panya. Walihesabu ndevu za hindi na punje zake, wakagundua kwamba kila unywele una punje yake, basi wakapiga kelele hadi mwalimu mkuu akatoka ofisini akidhani kuna nyoka.

Ndipo ikaja Mbolea ya Neema.

Mbolea hii ilitengenezwa nchini, kwenye kiwanda cha shemeji yake Waziri wa Elimu na Mahindi, Mheshimiwa Daktari Kolowa. Watu wenye wivu walisema pale hapana kiwanda. Uongo mtupu. Kiwanda kipo, kina kibao kikubwa na mlinzi, na chumvi huingia kwa lango la nyuma mchana kweupe bila kificho. Kila kaya ikagawiwa magunia kwa lazima, na amri ikawa kwamba itatiwa mashambani wakati wa palizi ya pili, na atakayekaidi atahesabiwa kuwa mchochezi wa njaa.

Kwamasaka walipokea magunia, wakashukuru, wakapiga makofi, wakayatia ghalani. Kesho yake mbuzi wa kijiji kizima wakakusanyika kwenye maghala wakilamba kuta.

"Mwalimu," akasema Mama Siwema, mjane aliyempangisha Sikudhani chumba, "mimi nimelima tangu sijavunja ungo. Hii mbolea gani inayogombewa na mbuzi kama magadi?"

"Sijui, mama. Sijaipima."

"Basi ipime. Wewe itie shambani kwa watoto, nasi tutazame. Tumeshakubaliana wote, kimyakimya. Yako ikistawi, tunatia. Yako ikiungua, hatutii, liwalo na liwe. Mimi sina shamba la pili, mwanangu."

Hakuwa nalo kweli. Juzijuzi tu hapa shibe ilipochelewa, mume wa Mama Siwema alishindwa kuisubiri. Cheti chake kiliandikwa kwamba amefariki kwa kukosa subira.

Sikudhani akagawa shamba la shule vipande viwili. Mbegu ile ile, siku ile ile, mvua ile ile ya Mungu. Kipande cha kulia kikatiwa Neema, cha kushoto kikaachwa bila kitu. Akawaeleza watoto kwamba kile cha kushoto si cha maskini wala hakikusahauliwa. Kimeachwa ili tupate cha kulinganishia. Bila kipande hiki, akasema, yule mwenzake hajulikani kama kasimama au kachuchumaa.

Palizi ya pili ilipokaribia, Bwana Mlekwa akafika na gari lake. Huyu ndiye Afisa Elimu na Mahindi wa wilaya, mtu mzito, anayevaa buti za shambani zenye lebo bado. Akasimama mbele ya mashamba yale mawili na uso ukamchanua.

"Hongera sana, mwalimu! Tazama kijani hiki! Tazama mabua kama milingoti! Neema kweli ni neema."

"Samahani, bwana," akasema Sikudhani. "Neema ni ile ya kulia."

Bwana Mlekwa akageuka kulia. Kulia kulikuwa na vijiti vya njano vimejikunja ncha kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Akatazama kushoto tena, akatazama kulia tena, akavua kofia.

"Una maana haya marefu yamestawi bila serikali?"

"Yamestawi kwa mvua, bwana."

"Mvua ya nani?"

Bwana Mlekwa akapiga simu tatu, zote amesimama wima, na kabla ya jua kuzama askari mmoja mwenye bunduki akawekwa kuyalinda mahindi ya kushoto. Yalikuwa yamewekwa chini ya ulinzi kwa kosa la kustawi bila kibali. Watoto walikatazwa kuyakaribia, na kiranja wa darasa aliyezoea kuyamwagilia alionywa kwamba kumnywesha mtuhumiwa ni kuingilia upelelezi.

Tume ikaundwa. Tume ya Shibeni si mchezo. Ina mwenyekiti, makamu, katibu, na mtu wa kubeba koti la mwenyekiti. Walikaa hotelini wilayani wakila kuku, wakaja Kwamasaka mara moja wakapiga picha na askari, wakarudi kumalizia kuku. Wengine walitaka mahindi ya kushoto yang'olewe, lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa busara. Akasema kung'oa ni kukiri. Ripoti yao Bwana Mlekwa akaja kuisoma mwenyewe mbele ya Sikudhani, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuponea chupuchupu.

"Tume imegundua kwamba tatizo si mbolea, wala si mahindi. Tatizo ni wewe, mwalimu. Umepima mashamba mawili tofauti kwa kipimo kimoja. Hiyo haki iko wapi? Mtoto mchanga na baba yake unawavisha suruali moja?"

"Lakini bwana, tukitumia vipimo viwili..."

"Kuanzia leo kila shamba litapimwa kwa kipimo linachostahili. Lenye Neema, kwa shubiri. Lisilo na Neema, kwa pima. Haya, twende."

Wakaenda shambani. Kulia, Bwana Mlekwa akatanua vidole mwenyewe kutoka ardhini, shubiri baada ya shubiri, na kufika ncha ya hindi la Neema akapata shubiri nne, ya mwisho ameivuta kidogo. Kushoto akaamuru askari asimame ajinyooshe mikono huku na huku, maana pima ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima, kisha kamba ya urefu ule ikasimamishwa kando ya bua. Pima moja na ushei.

"Ushei ufute," akasema Bwana Mlekwa. "Una uchochezi. Sasa niambie, mwalimu wa sayansi: nne na moja, ipi kubwa?"

"Nne, bwana."

"Umeona? Si vigumu. Mheshimiwa Waziri anakuja kulitangaza hapa hapa, redioni, nchi nzima ikisikia. Yeye atatoa matokeo, wewe utatoa hitimisho. Ukishatamka tu, kijiji kizima kinatia mbolea jioni ile ile, na askari watapita nyumba kwa nyumba." Akamshika bega kwa upole wa kutisha. "Ukisema vizuri, ualimu mkuu unakusubiri. Ukisema vibaya, kuna shule moja kule Mchangani, haina paa wala barabara. Wanafunzi nao sina hakika."

Siku zilizofuata Sikudhani aliwafundisha watoto wimbo mpya. "Nne ni kubwa kuliko moja," waliimba, na walikuwa hawadanganyi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani ya wimbo ule. Alijichukia.

Usiku wa kuamkia siku ya Waziri, Mama Siwema alimkuta jikoni amekaa na sahani haijaguswa.

"Kesho utasema nini, mwalimu?"

"Nitasema nne ni kubwa kuliko moja."

Mama Siwema akachochea kuni. "Ni kweli. Hata mjukuu wangu anajua." "Mimi sikulaumu, mwanangu. Wewe una mkate wako, nao wana bunduki. Ukishasema, itabidi nimwage mbolea, maana wakiikuta ghalani watanifunga, na nikifungwa wajukuu wanabaki na nani? Nitamwaga shamba lote. Ombi langu ni moja. Nitakaa mbele kabisa. Ukiwa unasema, unitazame."

Kesho yake Kwamasaka ilipambwa kwa makuti na vitambaa. Mheshimiwa Daktari Kolowa alishuka kwenye gari akiwa amevaa suti na jembe jipya begani, jembe ambalo msaidizi alilipokea haraka lisije likachafua suti. Mtangazaji wa redio akawa anaeleza kila hatua: Mheshimiwa anatembea, Mheshimiwa amesimama, Mheshimiwa anatabasamu, nchi nzima ifahamu.

"Wananchi!" akanguruma. "Kuna watu wamezoea kutazama mahindi kwa macho. Macho! Macho ni kitu cha kikoloni! Mjinga hutazama, msomi hupima. Na leo tumepima, kwa vipimo vyetu wenyewe, vya mababu zetu. Mahindi yasiyo na Neema yamepata moja. Nasema moja! Mahindi ya Neema yamepata nne. Nne ni kubwa kuliko moja! Yupo anayebisha?"

Hakuna aliyebisha. Askari walikagua nyuso, wakaridhika. Nyuma ya Mheshimiwa mahindi ya kushoto yalimpita kichwa na kumtilia kivuli, na yeye alionekana kukifurahia, maana jua lilikuwa kali.

"Sasa mwalimu atupe hitimisho, kisha kila mtu aende akatie mbolea."

Sikudhani akasimama. Watoto walikuwa wamejipanga tayari kuimba. Mbele kabisa, kwenye mkeka, alikaa Mama Siwema amejifunga khanga yake ya msibani, anamtazama. Hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali.

Alifungua mdomo kusema nne, na ile nne ikagoma. Mheshimiwa akakunja uso. Bwana Mlekwa akakohoa. Na hapo, kwa hofu tupu wala si kwa ushujaa, Sikudhani akashika kitu cha kwanza kilichomjia, na katika Shibeni kitu cha kwanza kinachomjia mtu mbele ya mkubwa ni sifa.

"Mheshimiwa Waziri," akaanza, na sauti ikatoka nyembamba. "Mwongozo wa wizara yako tukufu unasema jaribio halina hitimisho mpaka lirudiwe kwenye shamba kubwa zaidi. Hapa kwetu hapana shamba kubwa. Shamba kubwa ni lako, lile la Mtoni. Na sisi Kwamasaka ni nani hata tuifaidi Neema kabla ya mwenye Neema? Tungekosa adabu. Kwa heshima na taadhima tunakuomba itiwe kwanza kwenye mahindi yako, Mheshimiwa, yote, ndipo na sisi..."

"Hapana!"

Neno lilimtoka Mheshimiwa kabla hajalifikiria. Lilitoka kubwa, safi, mbele ya kipaza sauti, likaenda hadi mpakani. "Shamba langu lisiguswe na kitu hicho!"

Hata mtangazaji alisahau kutangaza.

"Nina maana," Mheshimiwa akasema, akijifuta jasho, "sitaki kuwanyima wananchi. Mbolea hii ni yenu."

Basi lazima nieleze kidogo desturi ya Kwamasaka, maana wizara yenyewe haikuifikiria. Pale mgeni rasmi haondoki mikono mitupu. Atapewa kuku, atapewa mkeka, atapewa mbuzi. Na sheria ya itifaki ya Shibeni, ambayo Mheshimiwa mwenyewe aliwahi kuitetea bungeni baada ya kupewa ng'ombe, inasema kukataa zawadi ya wananchi ni kulidharau taifa.

Mama Siwema alikuwa ameshasimama. Alipiga kigelegele kirefu mpaka watu wakageuka.

"Jamani, mmemsikia Mheshimiwa! Anajinyima kwa ajili yetu! Kiongozi gani huyu, lishamba lote lile anaacha likose Neema ili sisi tupate! Tumwache aondoke hivihivi? Mgeni rasmi haondoki mikono mitupu Kwamasaka!"

Akaondoka mbio, mwanamke wa umri ule, akarudi na gunia kichwani, akalitua miguuni kwa Mheshimiwa, akapiga magoti. "Zawadi yangu, baba. Ni kidogo, lakini natoa kwa moyo."

Baada ya hapo nani angezuia? Wanaume walikimbia, wanawake walikimbia. Magunia yalikuja vichwani, begani, kwenye baiskeli, kwenye mikokoteni ya punda. Mzee mmoja alileta ndoo, akiomba radhi kwamba nyingine mbuzi wameila. Ngoma zikalia, vigelegele vikapaa. Mtangazaji, ambaye kazi yake ilikuwa kufurahi, akafurahi kwa sauti ya juu kabisa, akaeleza taifa zima jinsi wananchi wanavyomzawadia Waziri mbolea yao yote bila kubakiza hata konzi ili shamba lake la Mtoni listawi. Mheshimiwa alisimama katikati ya kilima kile cha magunia akitabasamu, maana picha zilikuwa zinapigwa. Askari walioletwa kupita nyumba kwa nyumba ndio waliopakia malori.

Sikudhani alikuwa amekaa chini kwenye vumbi. Alikuwa analia na kucheka pamoja, na hakujua alie kwanza au acheke.

Waziri alikusudia kuyamwaga magunia yale kwenye maji ya mto gizani. Lakini Mtukufu Rais alikuwa amesikiliza redio, akapiga simu ya pongezi, akasema atapita mwenyewe kuona. Kwa hiyo Neema ikatiwa Mtoni, tuta kwa tuta, mbele ya mabwana shamba na kamera. Mahindi ya Mheshimiwa yakapata shubiri nne sawasawa. Kwa matokeo hayo akatangazwa Mkulima Bora wa Taifa, akapewa kikombe, toroli, na pampu ya kunyunyizia, na wageni wote wakampa mkono. Wanasema alilia jukwaani, na magazeti yakaandika ni machozi ya furaha. Mimi sina sababu ya kutoyaamini magazeti.

Sikudhani naye alipata barua yake. Ilimshukuru kwa utumishi uliotukuka na kumhamishia Mchangani, kuanzia mara moja. Mahindi ya kushoto yaliachiwa huru kwa kukosa ushahidi, baada ya askari kuchoma mengi ya kutosha kwa ajili ya upelelezi.

Aliondoka msimu wa mavuno, juu ya lori la mkaa, na sanduku lake moja. Hakuna aliyemfanyia hafla, kwa kuwa hafla ya mtu aliyehamishwa vile ina hatari yake. Mama Siwema pekee alimsindikiza hadi barabarani, akamwekea mapajani kifurushi cha unga uliotoka kusagwa, bado una joto la mashine.

"Huko Mchangani hakuoti kitu, mama," akasema Sikudhani. "Sijui nitawafundisha nini." Akaanza kulia tena, maana alikuwa anaogopa, na hakuona haja ya kuficha.

"Watakuambia wenyewe," akasema Mama Siwema. "Usikonde tu. Ni kosa la jinai."

Lori likang'oka. Sikudhani akageuka nyuma kukitazama kijiji cha Kwamasaka mara ya mwisho. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na kila jiko lilikuwa linatoa moshi.